Kichwa cha King'ora

Nesi wa kliniki hakuwa na sauti ya chini. Alimpima mtoto uzito, akamshika kwapani, akakisogeza kichwa chake puani na kukinusa kama mtu anayenusa maziwa asiyoyaamini.

"Kichwa hiki kinaoshwa lini?"

Kwenye mabenchi walikuwapo akina mama kama thelathini na baba mmoja. Aliyeulizwa ni yule baba.

"Kinaoshwa," alisema Fundi.

"Sijauliza kama kinaoshwa. Nimeuliza lini."

Fundi akatazama viatu vyake. Nesi akavua kofia ya mtoto, na kila aliyekaa karibu akauona utando wa manjano uliokauka utosini kama ukoko wa sufuria. Si ugonjwa wa kutisha, nesi alisema, watoto wengi wanakuwa nao. Mafuta kidogo, brashi laini, maji ya uvuguvugu na sabuni ya mtoto mara mbili tatu kwa wiki, unaondoka wenyewe. Kisha akachungulia nyuma ya sikio.

"Na uji huu? Ni wa leo?"

"Wa jana," alisema Fundi, kwa kuwa alilelewa kusema kweli.

Benchi zima likaangua kicheko. Mtoto naye akacheka, maana alipenda watu.

"Anaogopa maji ya kichwani, nesi. Mwilini hana neno, anacheza kabisa. Lakini kichwani…"

"Na wewe unafanya kazi gani?"

Fundi akajifanya hakusikia. Bahati mbaya kadi ya kliniki ilikuwa mkononi mwa nesi, na mstari wa kazi ya baba ulikuwa umejazwa kwa herufi kubwa.

"Fundi bomba!" nesi akasoma, na mama mmoja akacheka mpaka akalazimika kumpa jirani yake mtoto amshikie. "Mlete wiki ijayo. Nitanusa tena."

*

Mtoto alikuwa na jina zuri alilopewa siku alipozaliwa, lakini hakuna aliyelitumia. Katika nyumba ile ya vyumba sita vilivyozunguka ua mmoja, kila mtu alimwita King'ora. Alikuwa na miezi tisa, mashavu ya kushiba, na tabasamu la kumpa kila apitaye. Ila maji yakigusa utosi wake tu, alitoa sauti iliyoanzia mahali fulani tumboni, ikapanda, ikakaa huko juu bila kupumua, mpaka paka wa jirani akashuka ukutani na kuhama ua.

Mama yake alikuwa mshonaji katika kiwanda cha nguo. Alitoka alfajiri na kurudi jioni, akiwa amesimama mbele ya mashine siku nzima. Kazi za Fundi zilikuja kwa simu, leo mbili, kesho hamna, kwa hiyo kumwogesha mtoto kulimwangukia yeye. Kumsaidia alikuwepo mama mkwe wake, aliyekuja kukaa wiki mbili. Hii ilikuwa ya tisa.

"Niachie mimi," mama mkwe alisema siku ile waliporudi kutoka kliniki na Fundi kumweleza maneno ya nesi, bila yale ya bomba. "Maji ya kichwani ni kama habari ya msiba, mkwe wangu. Hayatolewi kidogo kidogo. Unamwaga mara moja, yanaisha. Mimi nimelea saba."

Mtu habishani na aliyemzalia mke. Fundi akamkalisha King'ora kwenye beseni la bluu barazani, akamwinamisha kichwa mbele kama alivyoagizwa, akafumba macho yake mwenyewe. Mama mkwe akainua jagi akamwaga lote.

Kwa kelele ile hata yeye aliyelea saba alirudi hatua moja nyuma. King'ora alilia, akapaliwa, akalia tena kwa hasira zaidi kwa sababu ya kupaliwa. Maji ya sabuni yalimwingia machoni, akazidi. Aliushika mkono wa baba yake na kuukwaruza, na Fundi akamwacha akwaruze, akihesabu moyoni kwamba haki yake hiyo.

Mlango wa chumba cha tatu ukafunguka. Akatoka Mlinzi, shuka kiunoni, soksi mguu mmoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Tumekuamsha?"

"Hapana, mama, nilikuwa naamka." Alikuwa amelala kwa muda wa saa moja na nusu tu. Usiku kucha alilinda geti la ghala, na mchana ndio ulikuwa usiku wake. Akachuchumaa karibu na Fundi, akasema kwa upole uliouma kuliko matusi, "Ndugu yangu, sikulaumu. Mtoto lazima aoge. Ila nilikuwa naomba ratiba."

"Ratiba?"

"Ndiyo. Nikijua kwamba analia saa saba, nitajitahidi nilale kabla, au baada. Maana juzi msimamizi amenikuta getini nimesinzia. Barua ya pili hiyo. Ya tatu haiji peke yake, inakuja na kukabidhi sare."

Alilitamka hilo akitazama beseni, si watu. King'ora, akiwa na povu kwenye nyusi, akamnyooshea mkono ili ambebe. Mlinzi akambeba, akalowa, akarudi kulala akiwa hivyo hivyo.

*

Jioni mwenye nyumba alikuja na kusimama katikati ya ua. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu asiyependa kusemwa.

"Mimi na mtoto sina neno," alianza. "Mtoto ni baraka. Lakini baraka yenu inasikika mpaka barabarani. Leo mtu ameniuliza kama siku hizi nimepangisha kituo cha polisi."

Wapangaji wakatoka milangoni, wengine na sufuria mkononi, kusikiliza mambo ya wenzao kwa raha. Mke wa Fundi alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini, mkoba begani. Alikuta nyumba yake ikizungumzwa hadharani kabla hajavua viatu.

"Tunampaka sabuni tu, baba," alisema. "Hatumpigi."

"Najua hamumpigi, mwanangu. Lakini anayepita njiani hajui. Na huyu Mlinzi akikosa kazi, nani ataulizwa? Nawapa mpaka Jumapili. Mkishindwa, mtafute sehemu yenye ua wenu wenyewe, mtoto alie anavyotaka."

"Fundi mzima," alidakia mpangaji wa chumba cha mwisho, "mabomba ya mji wote anaziba, la kwake linavuja machozi!"

Walicheka. Fundi naye alicheka, kwa kuwa asiyecheka mzaha kama huo hupewa mwingine.

Ndani, mkewe alikunja nepi zote, zilizokauka na ambazo hazijakauka. "Kwa hiyo tunahama kwa sababu ya kichwa," alisema hatimaye. "Ningekuwa nyumbani ningemwosha mwenyewe."

"Na mimi je, sijaribu?"

"Sijasema hujaribu."

Hakusema, lakini lilikaa pale katikati yao mpaka wakalala.

*

Kesho yake Fundi aliitwa saluni moja iliyokuwa na sinki linalovuja. Alilala chali chini ya sinki, spana mkononi, na kutoka pale aliona miguu ya mteja aliyekuwa akioshwa nywele kwenye sinki la pili. Alitazama vidole vya miguu ile. Maji yalipoanza kumiminika, vidole havikujikunja. Vililegea. Baada ya muda kiatu kimoja kikadondoka chenyewe.

Fundi akatoa kichwa. Mteja, mama mzima mwenye pete nne, alikuwa amelala kinywa wazi, anakoroma.

Alisubiri mpaka yule mama alipoamka na kuhamia kwenye kioo. "Dada," akamwambia Msusi, "unamfanya nini mtu mpaka anasinzia na maji kichwani?"

"Kwa nini, na wewe unataka?"

Akamweleza. Alimweleza yote, hata ya nesi. Msusi alikuwa mwanamke mrefu anayetafuna bazoka. Alicheka mpaka ikamtoka. Kisha akapiga kiti kofi. "Kaa. Inama mbele."

Fundi akainama. Bila kusema neno, Msusi akamwagia kikombe kizima kisogoni. Maji yakateleza, yakaingia machoni, puani, mdomoni. Fundi akaruka, kiwiko kikagonga sinki.

"Umeogopa?"

"Nimeshtuka tu."

"Hilo ndilo jina la kiume la kuogopa." Akampa taulo. "Wewe fundi, niambie. Maji yanaenda wapi?"

"Yanakoteremkia."

"Na ulipomwinamisha mtoto mbele, mteremko uliuelekeza wapi?"

Fundi akajifuta macho. Alikuwa amefukuza vibarua wawili kwa kukosea mteremko wa bomba la maji machafu.

"Sasa lala kinyumenyume." Akamwekea taulo iliyokunjwa chini ya shingo. Akajaribu maji kwenye kifundo cha mkono wake. Akaweka kiganja juu ya paji la uso wa Fundi, kimekaa kama ukingo. "Maji yanakuja," alisema, akangoja kidogo, ndipo yakaja. Yalianzia juu ya paji, yakapita utosini, yakaenda zake nyuma bila kugusa hata unyusi. Fundi aliona dari, tangazo la mafuta ya nywele, na kidevu cha Msusi kikitafuna. Kila mara kabla ya maji alisikia lile neno. Mara ya tatu mabega yake yalishuka yenyewe, na hakuwa anajua kwamba yalikuwa yamepanda.

"Lakini wako ameshaogopa," Msusi alisema akimfuta. "Mteja niliyemuunguza kichwa simrudishi kwenye sinki siku hiyo hiyo. Anakuja, anakaa, tunapiga soga, anaondoka na kichwa kikavu. Siku nyingine ndiyo tunagusa maji. Usiwe na haraka."

"Nimepewa mpaka Jumapili."

"Mtoto amepewa?"

*

Alhamisi Fundi aliweka beseni la bluu barazani, tupu, kavu. King'ora alipoliona tu, midomo ikaanza kutetemeka. Akamkalisha humo na nguo zake zote, akampa vikombe viwili vya plastiki na kijiko cha mbao. Yeye akakaa chini, akagonga kikombe chake. King'ora akatazama kushoto na kulia, akitafuta jagi. Hakuliona. Akagonga na yeye.

Mama mkwe alisimama mlangoni na ungo wake. "Mkwe wangu. Mtoto anaogeshwa upepo?"

"Leo tunapiga soga tu, mama."

"Mnapiga soga." Akaingia ndani, na muda mrefu alisikika akimsimulia mtu kwenye simu.

Usiku mke wake aliuliza, "Umemwosha?" Fundi akasema amemfuta mwili kwa kitambaa, kichwa amempaka mafuta kwa vidole tu, na amekubali. "Siku zimebaki tatu," mkewe alisema, "na wewe unapaka mafuta." Akageukia ukuta.

Ijumaa, maji ya uvuguvugu hadi kifundo cha mguu, na nguo zikavuliwa. Kichwa hakikuguswa. Fundi alikuwa amefunga vijiko viwili vya chai kwenye kamba ya kuanikia, juu ambako mkono wa mtoto haufiki. Upepo ulivitikisa, vikagongana, vikang'aa, na King'ora akainua uso kuvitazama mdomo wazi. Fundi akauona mteremko aliouhitaji. Lakini alikumbuka alivyoonywa, akaacha.

Badala yake alimkabidhi King'ora kikombe, akakiinamisha kichwa chake mwenyewe mpaka ukingoni mwa beseni.

"Maji yanakuja?" alimwuliza.

King'ora alitazama kichwa kile kikubwa kilichomletewa. Akachota, nusu ikamwagika njiani, iliyobaki akaimwaga kwenye sikio la baba yake. Fundi akapiga yowe kubwa la kuigiza, akatikisa kichwa kama mbwa aliyenyeshewa. King'ora akacheka mpaka akakaa vibaya. Akachota tena. Alimwagia baba yake mara kumi na saba, na kila mara Fundi alilia kuliko mara iliyotangulia, na wapangaji wakatoka milangoni kuona safari hii ni nani anayeogeshwa.

"Sasa wamekuwa wawili," alisema yule wa chumba cha mwisho.

Katikati ya mchezo, King'ora akainua kikombe mwenyewe, akajimwagia kifuani, na tone moja likamrukia kwenye nywele. Akanyamaza. Uso ukajikunja. Fundi akashika pumzi, na mlangoni mama mkwe naye akashika pumzi, ungo umesimama hewani. King'ora akatazama vijiko. Vikagongana. Akapiga chafya, akachota tena.

Jumamosi Fundi alimlaza kwenye mkono wake, kisogo kiganjani, macho kwenye vijiko. Akamwekea kitambaa kikavu juu ya nyusi. "Maji yanakuja," alisema, akamwonyesha kikombe kwanza, akangoja. Akamimina kiasi cha mfuniko wa chupa. King'ora akasema "Aaa?" kwa sauti ya kuuliza. Fundi akamjibu "Aaa." Akamimina kingine. Kwenye kikombe cha tano mtoto alilalamika, akapewa mapumziko. Cha sita aliruhusu. Sabuni ikapita, kidogo sana, brashi laini ikazunguka, na ule utando ukaanza kuachia vipande vipande. Alilia mara moja tu, kilio cha kawaida cha mtu aliyechoka, na kikaisha alipofunikwa taulo.

Siku hiyo Mlinzi aliamka giza linaingia, akatoka chumbani mbio, vifungo vya shati vimepishana.

"Mbona hamkuniamsha?" alifoka. "Nimezoea kuamshwa!" Akakimbilia getini, akiwa amelala saa nane mfululizo, na inasemekana alifika sekunde chache kabla ya msimamizi.

*

Jumapili mwenye nyumba alikuja saa kumi alasiri, wakati wa beseni, kwa makusudi. Alisimama, akasikiliza. Hakusikia kitu ila vijiko.

"Leo hamjamwogesha," alisema kwa lawama.

"Tuko katikati, baba," Fundi alijibu bila kuinua macho. "Maji yanakuja," akamwambia mtoto. Yakaja. King'ora alifumba macho nusu, kama yule mama mwenye pete nne.

Mwenye nyumba aliinama, akatazama kwa karibu, mikono nyuma. Alitazama kikombe cha pili na cha tatu. "Ehe," alisema. Halafu, kwa kuwa alikuja na hotuba na sasa haina pa kwenda, akalaumu kamba ya nguo kuwa imelegea, akaondoka.

Mke wa Fundi alikuwa ameketi kwenye ngazi ya baraza, siku yake ya pekee ya kupumzika. Mtoto alipofunikwa taulo alimpokea, akaweka pua utosini, akakaa nayo hapo.

"Ananukia," alisema. Kisha akasema, "Na mimi sikuwepo."

"Kesho kutwa ni zamu yako. Ukirudi. Tutakungoja."

"Atanikubali?"

"Utamwambia kwanza, na utangoja. Ni hilo tu."

Mama mkwe, akipepeta maharage, alikohoa. "Siku zetu hakukuwa na kutangaziana. Nimemwaga kwa saba, wote wazima."

"Mama," binti yake alimgeukia, "mimi ni wa ngapi?"

"Wa nne."

"Mpaka leo nikienda kuoga nafumba macho kabla sijafungua maji. Nikisikia ndoo inawekwa chini, mabega yananipanda. Mtu mzima mimi, mama."

Alilisema kwa kucheka. Mama yake alicheka pia, kidogo, halafu mkono ukaacha kupepeta. Alimtazama binti yake kwa muda, akazitazama nywele zake zilizojaa nyuzi na vumbi jeupe la kiwandani.

Fundi alikuwa ameshamwaga maji machafu. Alijaza birika, akachanganya, akajaribu kwa kifundo cha mkono. Akakunja taulo, akaiweka kwenye ngazi ya juu.

"Lala hapa," alimwambia mkewe.

"Mbele ya watu?"

"Wamenicheka wiki nzima. Wamezoea."

Alisita, akampa mama yake mtoto, akalala chali, shingo kwenye taulo. Fundi akaweka kiganja juu ya paji lake. Mabega ya mkewe yalikuwa juu, karibu na masikio.

"Maji yanakuja."

"Subiri!"

Akasubiri. Vijiko viligongana. Mtoto, mapajani mwa bibi yake, alinyoosha kidole kwenye kikombe, akasema "Aaa?"

"Haya," alisema mkewe. "Sasa."

Akamimina polepole. Nyuzi zikaanza kutoka, nyeupe na bluu na nyekundu, zikateremka na maji mpaka chini ya ngazi. Kikombe cha nne mabega yakashuka. Cha saba aliacha kufumba macho, akawa anaitazama mbingu tu, na kiatu kimoja kikamdondoka mguuni.

Mama mkwe aliangalia yote mpaka mwisho. Kisha akaweka ungo chini, akafungua kilemba chake, mvi zikaonekana, na akazungumza na binti yake kana kwamba mkwe hakuwepo pale.

"Ukishainuka hapo, na mimi nioshe. Na unitangazie kabla hujamwaga."